Ngazi ya Mama Mkwe

Wabwire aliingiza mguu mmoja darasani, akauona ule mgongo, akautoa mguu.

Mgongo wenyewe ulivaa gauni la maua ya zambarau, na juu yake kulikuwa na kitambaa cha njano kilichofungwa fundo la nyuma, fundo ambalo Wabwire alilijua kama alivyojua mlango wa nyumba yake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekiona kitambaa hicho kwa mbali tu, ng'ambo ya uwanja wa kanisa au mwisho wa njia inayotoka sokoni. Na kila alipokiona alifanya anachofanya mwanamume yeyote mwenye adabu akimwona mama aliyemzaa mkewe: aliingia kichakani. Lakini hapa, katika chuo cha ufundi upande wa Kenya, hakukuwa na kichaka. Kulikuwa na ukoka uliokatwa vizuri na kibao kilichosema usikanyage.

Basi akasimama nje ya dirisha na daftari lake, akasikiliza somo la kwanza la umeme wa jua kupitia kioo.

Tuseme ukweli, hata safari yenyewe ilikuwa imeshamtia aibu. Mradi ulikuwa umetangaza kwamba watu wazima wa Tororo na Busia ya Uganda watapelekwa kusoma nje ya nchi, miezi minne, umeme wa jua pamoja na kazi za kompyuta. Kwao Dabani walimwombea kanisani. Jirani mmoja alimwagiza koti la baridi. Kisha barua ikaja, na hiyo nje ya nchi ikawa Busia ile ile, upande wa pili wa mpaka, mahali ambapo Wabwire alikuwa akienda kununua sabuni. Kutoka bweni la chuo aliweza kuuona mnara wa simu wa kwao.

"Wewe ndugu wa dirishani," mwalimu akaita. "Umekuja kusoma ama unauza karanga?"

Mwalimu aliitwa Emuron, Mteso wa upande huo wa Kenya, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Darasa la watu wazima kumi na sita likageuka kutazama. Mgongo wa zambarau peke yake haukugeuka, na hapo Wabwire akajua kwamba hata yeye ameshaonekana.

"Nasikia vizuri kutoka huku, mwalimu."

"Kusikia utasikia. Sasa nasoma majina ya jozi. Jozi ya saba: Wabwire na Abbo. Nyinyi mfumo umeona namba moja ya simu, ukajua ni nyumba moja. Kwa hiyo tableti moja, sanduku moja la vifaa, mtihani mmoja. Mmoja akiacha, wote wawili wametoka."

Wabwire alisogea mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Mwalimu, huyo ni mama mkwe yangu."

Wachache wakacheka. Emuron alianza kucheka, akaacha katikati, maana kwao pia mambo hayo yapo.

"Mama mkwe kabisa?"

"Kabisa. Ndiye alinizalia bibi."

Emuron akachomoa kalamu moja, akairudisha, akachomoa nyingine. "Shida ni kwamba mfumo haujui mkwe," akasema. "Mfumo unajua namba."

*

Jumamosi Wabwire alivuka mpaka akarudi Dabani. Alimkuta mkewe Anyango uani akichambua karanga kwenye ungo, na alipomwona mumewe alivyokunja uso, akaongeza kasi ya kuchambua.

"Fomu ya mama yako nani aliijaza?"

"Mimi."

"Na yangu?"

"Si ulikuwa umekaa hapo hapo ukiniambia niandike vizuri?"

"Na kote ukaandika namba yako."

"Mama hana simu ya kupangusa. Na yako ilibaki ndani ya shimo la dhahabu kule Tiira. Nilikuwa niandike namba ya nani, ya padri?"

"Anyango. Umetuandika kama mtu na bibi yake."

"Mimi niliandika namba. Hiyo mashine yenu ndiyo imewaoza."

Wabwire alitaka kukasirika vizuri, lakini kicheko kilimchokoza puani na ikambidi ageuke. Akazunguka uani. Akakaa, akasimama. Tangu siku ile ya Tiira alikuwa hatulii kitini. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango.

"Ulijua tutachaguliwa wote?"

"Watu mia tatu waliandika. Nilijua hamtachaguliwa hata mmoja. Nikasema niwafurahishe tu."

"Basi mwambie mama aache."

"Mwambie wewe."

"Unajua mimi siwezi kuongea na yeye."

"Basi hataacha," Anyango akasema, "maana hakuna mtu amemwambia."

Akaweka ungo chini. Aliongea polepole sasa, kama mtu anayemwonyesha mtoto njia. Kule Molo ya Tororo, kikundi cha akina mama wa vitunguu kilikuwa kimepewa pampu ya jua, na pampu hiyo ilikuwa imelala stoo ya kanisa mwaka mzima kwa kukosa fundi. Mama alikuwa bado anamwagilia kwa pampu ya dizeli, na dizeli hiyo ilikunywa vitunguu vyote kabla havijafika sokoni. Akina mama wale walimchagua Abbo aende akasome kwa ajili yao, mwanamke wa miaka hamsini na tano, mjane.

"Mkiacha, mama anarudi kwa dizeli," Anyango akasema. "Na wewe unarudi ndani ya hivyo."

Hakuhitaji kunyoosha kidole. Nyuma ya mlango vilisimama viatu vya mpira, virefu mpaka magotini, bado vina udongo mwekundu wa Tiira. Mwezi wa tatu ukuta wa shimo la dhahabu uliteremka ukamfukia Okochi, rafiki yake Wabwire, mpaka kifuani. Walimtoa. Mguu wake mmoja haukutoka salama. Wabwire aliapa kwamba harudi tena mle, lakini viatu hakuvitupa, na Anyango alipotaka kumpa mtu alimkataza. Huwezi jua, alisema.

"Wazee wanasema ukimgusa mama mkwe mikono inatetemeka mpaka uzeeni," Wabwire akasema. "Fundi wa umeme mwenye mikono ya kutetemeka nani atamwita?"

"Basi usimguse. Soma naye kwa mbali."

Nje ya ua jirani yule wa koti alikuwa anapita na baiskeli. "Karibu kutoka ng'ambo," akaita. "Huko theluji imepungua?"

*

Kusoma naye kwa mbali kukawa hivi. Waliweka benchi katikati ya chumba, Wabwire upande huu, Abbo upande ule, wote wamepeana migongo, na kati yao akakaa Patience, msichana wa Tororo mwenye moyo mwema. Yeye ndiye alikuwa njia.

"Mwambie baba Phiona waya mwekundu uende kwenye chanya," Abbo angesema akitazama ukuta. Phiona ni binti mkubwa wa Wabwire, na jina la mtoto ndilo mama mkwe aliloruhusiwa kulitaja.

"Baba Phiona, mwekundu, chanya."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia."

"Mwambie kusikia si kufunga."

Wiki ya tatu Patience alikusanya vitabu vyake akahamia dirishani. "Mimi nilikuja kusoma," akasema. "Sikuja kuwa mnara wa simu."

Siku mbili jozi ya saba ilikuwa jozi bubu. Wabwire aliunganisha nyaya vizuri, mikono yake ilijua kazi, lakini tableti ilimshinda. Maandishi yalimkimbia, na kila alipogusa kitu kilifunguka kingine. Abbo alikuwa kinyume chake. Bisibisi aliishika kama mwiko, lakini tableti aliizoea haraka, miwani puani, kidole kimoja kikienda bila haraka. Mmoja alikuwa na nusu ya kazi na mwingine nusu ya pili, na katikati kulikuwa na benchi tupu.

Ndipo Abbo akayaona maoni.

Kila saa jozi ilipaswa kusoma nguvu ya paneli na kuiandika kwenye tableti, na chini ya namba kulikuwa na kisanduku kidogo cha maoni. Wengine waliandika jua kali au mawingu. Siku hiyo Abbo aliandika, akaiweka tableti kwenye benchi, akaenda kunywa maji. Wabwire akaichukua, akasoma kwa shida, midomo ikicheza:

*Volti 18.4. Mawingu. Aliyefunga skrubu ya pili hakuikaza.*

Masikio yalimwaka moto. Akaikaza. Kisha akakaa na tableti robo saa nzima, akitafuta herufi moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

*Volti 18.6. Skrubu imekazwa. Samahani mama.*

Adabu ya ukwe inakataza macho, mikono na mdomo. Wazee walioitunga hawakuwahi kuona tableti. Wabwire alilifikiria hilo usiku kucha bwenini, akitafuta kosa ndani yake, na hakulipata.

Basi wakaanza. Mwanzoni ni kazi tu: betri, nyaya, pembe ya paneli. Kisha kazi na kidogo ya nyumbani, hata vile viatu nyuma ya mlango. Mwezi wa pili ulipofika, mwalimu Emuron, ambaye alisoma ripoti zote, alianza kupita jozi ya saba bila kuuliza lolote, akijifanya ana kikohozi.

*Volti 19.1. Jua kali. Yule mtu wa Tiira alikaa chini muda gani?*

*Volti 19.0. Masaa mawili. Alikuwa ananiita jina.*

*Volti 17.2. Mvua inakuja. Wewe ulikuwa unamjibu?*

Hilo Wabwire alilibeba tangu asubuhi mpaka saa nane. Alitoka nje, akarudi, akafuta, akaandika tena.

*Volti 17.1. Nilimjibu mpaka maneno yakaisha. Nikawa namhesabia magunia ya udongo tunayotoa. Nilidanganya hesabu ili aone tuko karibu.*

Abbo alisoma. Hakuandika chochote siku ile isipokuwa volti.

*

Jumamosi iliyofuata Anyango alimwekea chakula, akasimama mlangoni badala ya kukaa.

"Kumbe ulimhesabia magunia."

Tonge la ugali lilisimama njiani. "Nani amekwambia?"

Anyango alitoa simu yake akaisogeza mezani. Namba ilikuwa yake. Kila jozi ilipoandika, mfumo ulituma nakala kwa namba iliyoandikishwa. Zote zilikuwa pale, tangu ile skrubu ya pili.

"Umezisoma zote?"

"Nilikuwa nazingoja. Saa tatu, saa nne, saa tano. Nikichelewa kupata ya saa sita nilidhani mmegombana." Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Miezi minane, Wabwire. Unaamka usiku, unazunguka uani, nauliza nini, unasema mbu. Mimi nalala na wewe, na mama ndiye anasoma."

Wabwire alirudisha tonge sahanini. Alitazama viatu nyuma ya mlango.

"Kwa yeye ilikuwa rahisi," akasema mwishoni. "Siwezi kumwona uso."

"Basi nikupe mgongo na mimi?"

Na kweli akamgeuzia mgongo, akakaa hivyo kwenye kigoda, anatazama nje. Wabwire alidhani ni hasira. Alikula matonge mawili ndipo akaelewa kwamba anangojwa. Chakula kilipoa siku hiyo.

*

Mtihani ulikuwa Ijumaa, na Alhamisi kulinyesha.

Mtahini alitoka Nairobi, mama mwenye kofia ngumu nyeupe na karatasi kwenye ubao. Alieleza mara moja tu. Kila mmoja atapanda ngazi mpaka paa la stoo, afunge vibano viwili vya paneli, ashuke. Mwenzake anashika ngazi chini. Na anayeshika ngazi anamtazama aliye juu muda wote. Akiondoa macho ni onyo. Onyo la pili, jozi imeanguka.

"Watu wamekufa kwa sababu mshikaji alikuwa anatazama simu," akasema. "Hapa ni macho juu."

Wabwire alipanda kwanza. Chini yake Abbo alishika ngazi na kutazama nyayo za viatu vyake, nyayo tu, na mtahini akaridhika, kwa kuwa nyayo nazo ni sehemu ya mtu. Vibano viwili, dakika nne. Akashuka.

Kisha ikawa zamu ya Abbo.

Alifungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, na chini yake kulikuwa na ovaroli ya bluu ya chuo. Wanaume wawili wa Tororo waligeuka wakaangalia pengine. Abbo aliikunja leso vizuri, akampa Patience, akaweka mguu kwenye ngazi. Wabwire alishika kwa mikono miwili. Na macho yake yakaenda yenyewe, bila kuulizwa, kwenye udongo.

"Jozi ya saba," mtahini akasema. "Macho."

Emuron alikohoa. "Madam, hao ni mtu na mama mkwe yake. Kwetu hapa..."

"Mwalimu, nimekuja kupima usalama." Hakusema kwa ubaya. Aliandika. "Onyo la kwanza."

Wabwire alijaribu. Mungu ni shahidi, alijaribu. Aliinua macho mpaka ngazi ya tatu, ya nne, akaona pindo la ovaroli, na shingo yake ikagoma kama ng'ombe kwenye daraja. Miaka kumi na minne ya vichaka ilikuwa imemkalia shingoni. Chini, mguu wa kushoto wa ngazi ulikuwa ukizama polepole kwenye udongo wa mvua. Aliuona, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anatazama. Akausukuma kwa kiatu. Ngazi ikacheza.

Juu, hatua zikasimama.

Mtahini aliinua kalamu. Wabwire aliiona ile kalamu kwa pembe ya jicho, na nyuma yake aliona viatu vya mpira vimesimama nyuma ya mlango, na ule mdomo mweusi wa shimo.

"Wabwire."

Abbo hakusema baba Phiona. Alisema Wabwire, jina tupu, kwa sauti ambayo haikuwahi kulisema.

"Nikianguka utanidaka," Abbo akasema kutoka juu. "Kunidaka au kunitazama, chagua."

Akainua uso.

Hakuona kitu cha kumpofusha. Aliona mwanamke mzima kwenye ngazi ya saba, miwani imeteleza puani, jasho kwenye kidevu, na kidevu kilikuwa cha Anyango, kile kile, hata kishimo kidogo ambacho ungedhani ni kovu. Mkono ulioshika kibano ulikuwa unatetemeka.

"Mama," akasema, na lilikuwa neno la kwanza alilomwambia ana kwa ana. "Mkono wako unatetemeka."

"Ni urefu. Wewe shika ngazi."

Akashika. Kibano cha kwanza kikaingia. Cha pili kikakataa, akakishusha, akakigeuza, kikaingia. Wabwire hakupepesa macho. Machozi yalimtoka kwa kutopepesa, ndivyo alivyomweleza Patience baadaye. Abbo aliposhuka na kugusa ardhi, Wabwire aliachia ngazi na kurudi nyuma hatua tano, na Abbo akajifunga leso yake akiwa amempa mgongo, kama kwamba hakuna lililotokea. Mtahini aliandika mstari mrefu ambao hakuna aliyeweza kuusoma.

*

Jioni ile ile wanafunzi walifungasha kurudi makwao. Mpakani foleni ya kurudi Uganda ilikuwa imejikunja mara mbili. Abbo alikuwa mbele na mkoba wake kichwani. Nyuma yake mwanamume aliyebeba katoni ya vifaranga wanaolia. Nyuma ya huyo, Wabwire. Angeweza kwenda mwisho wa foleni. Alifikiria kwenda. Hakwenda.

Simu ndogo ya tochi, aliyonunua badala ya ile ya shimoni, ikalia. Alikuwa Anyango.

"Matokeo yamekuja kwa namba yangu," akasema.

Wabwire alitazama juu, kwenye mabati ya kituo. "Yanasema nini?"

"Jozi ya saba imefaulu. Onyo moja. Onyo la nini?"

"Nitakwambia nyumbani."

"Utaniambia au utaandika?"

"Nitakwambia."

Alikata simu. Alisimama akihamisha uzito mguu hadi mguu. Kitambaa cha njano kilikuwa hatua mbili tu mbele yake. Akamgusa yule wa vifaranga.

"Kaka, samahani. Huyo mama, mwambie tumefaulu."

"Si huyo hapo? Mguse bega."

"Ni mama mkwe."

Mtu wa vifaranga hakuuliza tena. Aliinua katoni kidogo ili ikae vizuri kati yao, akainama mbele. "Mama, mkwe wako anasema mmefaulu."

Abbo hakugeuka. Fundo la kitambaa lilishuka, likapanda. Akasema kitu kwa sauti ya chini. Mtu wa vifaranga akasikiliza, akakunja uso, akageuka.

"Anasema vile viatu vya shimoni usimpe mtu."

Wabwire alisogea karibu na katoni. "Mwulize nifanye nini navyo."

Ujumbe ukaenda, juu ya vifaranga. Ukarudi.

"Anasema uvichome. Halafu uandike kwenye maoni." Mtu wa vifaranga akahamisha katoni yake begani. "Hayo maoni mimi siyajui. Nimekwambia tu kama alivyosema."